UZI: Bogotá peke yangu, mji ambao mabasi yetu ya mwendokasi yana undugu nao

Mtoa uzi

Wakuu salaam.

Nimerudi kutoka Bogotá, mji mkuu wa Colombia. Ni mara yangu ya kwanza kukanyaga Amerika Kusini na nilienda peke yangu, mwanamke, Kihispania cha kuombea maji na kuulizia choo. Naandika huu uzi kwa sababu kila niliyemuaga alinijibu jambo lile lile, unga (kokeini) na bosi wake Pablo Escobar, mpaka inachosha. Kwanza Escobar alikuwa mtu wa Medellín, na aliuawa 1993, pili Bogotá wanamkumbuka kwa mabomu, mwaka 1989 bomu lake lilipigwa makao makuu ya idara ya usalama hapo mjini likaua watu zaidi ya 50. Sio mtu wa kumuulizia huku unacheka, kuna watu pale walizika ndugu zao.

Nilichokiona mimi, na hiki ndicho nataka mkishike, ni mji ambao vitu vyake vizuri umeviacha wazi kwa mtu wa kawaida. Makumbusho ya bure au ya hela ndogo, barabara kubwa kabisa zinafungiwa magari kila Jumapili, mabasi yanapewa njia yao kabla ya gari la bosi. Sio mji tajiri na wala sio mji mtulivu, ila mgeni asiye na hela nyingi anatembea pale akaona mengi.

Nianze na kufika. Visa niliomba mtandaoni kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje, unapakia pasi, picha, taarifa ya benki, tiketi na mahali utakapofikia. Nikapitia Istanbul, kutoka hapo mpaka Bogotá ni kama saa 13 hewani kwa hiyo simama simama mle ndani miguu isivimbe. Beba kadi ya njano ya homa ya manjano, Colombia ni nchi yenye huo ugonjwa na ukirudi Tanzania ukitokea kule utaulizwa.

Bogotá iko mita 2,640 juu ya usawa wa bahari, waliowahi kufika Kitulo wanaelewa maana kimo kinakaribiana. Kwa sisi tunaoishi Dar sio jambo dogo, unapanda ngazi za ghorofa moja tu moyo unadunda unajiuliza kuna nini. Siku ya kwanza usipange kupanda popote, kunywa maji mengi (ya bomba yananyweka, mengi yanatoka milima ya Chingaza), kula kidogo kidogo, pombe iache kwanza. Mimi kichwa kiliuma jioni ile, asubuhi kikawa kimeisha. Baridi nayo ipo mwaka mzima, mchana nyuzi 18 au 19, usiku inashuka mpaka 8 hivi, na hakuna msimu wa joto wa kusubiri kwa sababu iko karibu na ikweta. Aprili na Oktoba ndio mvua hasa, na ikija inakuja mchana ghafla wakati asubuhi jua lilikuwa linawaka. Jaketi, viatu vya kufunga, mwavuli mdogo kwenye begi kila siku.

Kitu kilichonirahisishia maisha ni anwani zao. Milima iko mashariki, popote ulipo mjini unaiona, kwa hiyo mwelekeo haukupotei. Barabara zinazotoka milimani kushuka magharibi zinaitwa calle, zinazokwenda sambamba na milima ni carrera, zote zina namba. Ukiambiwa Calle 11 # 4-41, maana yake uko barabara ya 11, kona ya carrera ya 4, kisha tembea kama mita 41. Nilikuwa naweka simu kwenye mfuko na kutembea kwa namba tu, na kwa usalama hilo ni zuri zaidi kuliko kusimama barabarani umeinamia ramani.

Naendelea chini, maswali wekeni.

---

kitulo_baridi

Dada hongera sana. Ulifikia wapi na usiku pakoje? Maana mimi nasikia katikati ya mji usiku hapafai.

---

Mtoa uzi

Asante ndugu yangu. Nilifikia hosteli mtaa wa La Candelaria, ule mji mkongwe, kitanda kilinigharimu kama pesos 50,000 kwa usiku (dola moja wakati ule ilikuwa inacheza kwenye pesos 4,000). Mchana pako vizuri mno, ila maduka yakifungwa pale mitaa inabaki mitupu, kuanzia saa 1 au 2 usiku sikutembea kwa mguu, nilikuwa naita teksi ya apu hata kama ni karibu. Ukitaka sehemu yenye watu na mwanga usiku fikia Chapinero, utalipa zaidi kidogo.

La Candelaria yenyewe sasa. Nyumba fupi fupi za enzi za Wahispania, mapaa ya vigae, kuta zimepakwa bluu, njano, nyekundu, na pasipo na rangi pana michoro. Hiyo michoro ya ukutani ina historia, mwaka 2011 polisi alimpiga risasi kijana wa miaka 16 aliyekuwa anachora, mji ulikasirika sana na baada ya hapo wachoraji wakaanza kupewa kuta na taratibu badala ya kuwindwa. Kuna vijana wanawatembeza wageni kuielezea, malipo ni bahasha ya hiari mwishoni, na kwa mtu aliye peke yake ndio njia nzuri ya kupata wenzake wa kwenda nao kula mchana. Nenda nao siku ya pili mapema, utajua na mitaa ipi usipite.

Ukishuka unakutana na Plaza de Bolívar. Uwanja mpana wa mawe, sanamu ya Simón Bolívar, mkombozi wao, katikati imewekwa tangu 1846, upande mmoja kanisa kuu, mwingine bunge, mwingine ofisi za meya, na mwingine mahakama. Hilo jengo la mahakama ni jipya, la zamani liliteketea Novemba 1985, waasi wa M-19 walilivamia, jeshi likaingia na vifaru kwa mlango wa mbele, watu karibu 100 wakafa wakiwemo majaji wa mahakama ya juu. Miaka 37 baadaye, 2022, Gustavo Petro ambaye ujanani alikuwa mwanachama wa M-19 akaapishwa kuwa rais kwenye uwanja huo huo. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa nikawaza hilo kwa muda mrefu huku watoto wanarusha mahindi kwa njiwa.

Na ukitoka hapo ufuate Carrera 7 kwa mguu, imefungiwa magari kipande kirefu. Wacheza chesi, wapiga ngoma, wauza kila kitu. Ukifika kona ya Avenida Jiménez tazama ukutani, kuna vibao vya kumbukumbu na mara nyingi maua. Hapo ndipo Jorge Eliécer Gaitán alipigwa risasi mchana wa tarehe 9 Aprili 1948. Alikuwa mwanasiasa wa wanyonge, watu waliamini ndiye atakayekuwa rais, na alipokufa mji ulichomwa moto, tramu zikateketezwa, na mapigano ya vyama yaliyokuwa yameshaanza vijijini yakageuka vita iliyoua watu wengi sana kwa miaka kumi. Ukitaka kuielewa Colombia anzia kwenye kona hiyo. Watu wanapita na mifuko yao ya mikate na wengine wanapunguza mwendo, nimeona mzee akivua kofia.

Mbele kidogo wako madalali wa zumaridi, wamesimama makundi makundi kwenye uwanja mdogo wa Rosario, jiwe limefungwa kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa. Aliyewahi kuona madalali wa tanzanite Arusha atajua yuko kwa ndugu zake. Angalia tu, usinunue kama hujui mawe.

---

stafeli_la_Tanga

Umesahau dhahabu. Mimi nilisoma habari za El Dorado tangu shule, hayo makumbusho uliingia?

---

Mtoa uzi

Sikusahau mama, nilikuwa naitunza.

Museo del Oro, iko Carrera 6 na Calle 15, ni mali ya benki kuu yao ambayo ilianza kukusanya mwaka 1939 ili vito vya wenyeji visiyeyushwe wala kuuzwa nje. Vipande vya dhahabu zaidi ya 30,000 wanavyo. Jumatatu wanafunga, Jumapili bure, siku nyingine kiingilio ni kidogo, bei ya soda mbili. Nenda siku ya kulipa asubuhi kama unataka nafasi, nenda Jumapili kama unataka kuwaona wenyeji na familia zao, mimi nilienda zote mbili.

Nimekaa zaidi mbele ya kitu kimoja tu, ile rafti (chelezo) ya dhahabu ya Wamuisca, wenyeji wa kule kabla ya Wahispania. Ukiisikia sifa zake unategemea kitu kikubwa, kumbe ina urefu wa sentimita 19 na nusu, inakaa kwenye viganja vyako viwili. Chifu kakaa katikati mkubwa kuliko wote, wamemzunguka watu wadogo, wengine wana fimbo, wengine kama wameshika kasia, na ukisogea unaona nyuzi nyembamba za dhahabu zinazofanya pua na macho. Hawakuichonga, walitengeneza umbo zima kwa nta, wakalifunika udongo, wakachoma nta ikatoka na dhahabu ikaingia mahali pake. Wakulima ndio waliiokota pangoni huko Pasca mwaka 1969. Ni sherehe ya chifu mpya, alipakwa vumbi la dhahabu akapelekwa katikati ya ziwa, sadaka zikatupwa majini, na hiyo ndiyo asili ya hizo habari za El Dorado tulizosoma. Alikuwa mtu, Wahispania ndio wakaanza kutafuta mji.

Halafu ghorofa ya juu kuna chumba cha duara. Mnaingia kikundi, mlango unafungwa, giza totoro, unaanza kusikia nyimbo za wenyeji wa milimani, taa zinawaka taratibu na unagundua umezungukwa na dhahabu kuta zote mpaka chini ya miguu. Mtoto mmoja karibu yangu alimshika mama yake mkono. Mimi machozi yalinilenga, nasema wazi, kwa sababu nilikuwa nawaza vingapi viliyeyushwa vikawa matofali ya kupelekwa Ulaya na hivi ndivyo vilivyosalia.

Museo Botero nayo usiikose, ile Calle 11 # 4-41 niliyoitolea mfano. Bure kabisa. Fernando Botero, yule mchoraji wa watu wanene wanene, alitoa kazi zake 123 na za wengine 85, wakiwemo Picasso na Monet, kwa sharti watu waingie bila kulipa, na ikafunguliwa 2000. Alifariki 2023. Wanafunzi wa shule walikuwa wamekaa sakafuni mbele ya Picasso wanachora na penseli, hakuna aliyewafukuza. Jumanne imefungwa.

---

Kimara_Mwisho

Kichwa cha uzi kimesema mwendokasi lakini naona dhahabu tu. Tueleze hilo.

---

Mtoa uzi

Nakuja mkuu, na hapa nitakaa maana ndio sehemu iliyonigusa.

Mabasi ya Bogotá yanaitwa TransMilenio, yalianza Desemba 2000 chini ya meya Enrique Peñalosa. Njia ya katikati ya barabara ni ya basi peke yake, kituo kimeinuliwa kiwe sawa na sakafu ya basi, unalipa kabla ya kuingia, kuna basi la kusimama kila kituo na la kuruka vituo. Umeona? Ndio Kimara–Kivukoni hiyo hiyo. Waliopanga mwendokasi wa Dar waliutazama mji huo, na wetu ulipoanza Mei 2016 ulikuwa mtoto wa yule. Nilipoingia kituo cha Museo del Oro mara ya kwanza, mageti, daraja, milango ya vioo inayofunguka basi likifika, mwili ulijua pa kusimama kabla akili haijafikiria.

Wao wana njia kuu zaidi ya kilomita 110, wewe Kimara yako ya awamu ya kwanza ni 21. Unanunua kadi inaitwa TuLlave dirishani, unaweka hela, safari moja nilipokwenda ilikuwa karibu pesos 3,000. Basi lina herufi na namba, herufi ni upande unaokwenda, B ni kaskazini, na ubaoni wanaonyesha vituo ambavyo namba hiyo inasimama. Soma kabla ya kupanda, la kuruka vituo likikupitisha unakwenda mbali. Kutoka uwanja wa ndege pia kuna basi, ila ukifika usiku na begi kubwa chukua teksi rasmi ya pale nje.

Sasa tusidanganyane, saa 12 na nusu asubuhi na saa 11 jioni ni kubanana kama kwetu, watu wanaruka mageti bila kulipa, wezi wa simu wapo, na wenyeji wanalalamika kila siku. Kwa miaka mingi wamegombana kuhusu treni ya mjini na sasa ndio wanajenga ya kwanza, ya juu ya nguzo. Lakini tofauti niliyoiona ni hii: basi likijaa linakuja lingine. Nilisimama kituoni jioni nikatazama, na sikuwahi kuona watu wamekaa saa nzima wanachungulia barabara tupu. Na wana mabasi ya umeme zaidi ya 1,000 kwenye mji huo. Barabara tuliiga vizuri, zege letu halina shida, tulichokuwa tunapungukiwa siku zote ni mabasi yenyewe na mtu wa kuwajibika yasipokuja. Mimi nimepanda mwendokasi kwenda kazini miaka, nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naupenda ule mradi na najua unaweza.

Halafu kuna kule kusini milimani, Ciudad Bolívar, vitongoji vya watu wa kipato cha chini vilivyopanda mlima. Mwaka 2018 waliweka kebo, yale mabehewa yanayoning'inia kwenye waya, na unapanda kwa kadi ile ile ya basi. Sisi mjadala wa kebo tulioujua ni wa watalii Kilimanjaro, wao waliwapelekea mama lishe na wanafunzi. Nilipanda mchana na mwenyeji wa hosteli, mama mmoja alikuwa na kuku kwenye boksi, akaniambia zamani kushuka mpaka kwenye kituo kikuu ilikuwa zaidi ya saa, sasa ni robo saa.

---

Kimara_Mwisho

Mkuu umeongea. Lakini usisahau wao wameanza miaka 16 kabla yetu na mji wao una kodi. Tukifika miaka 25 tutaonana.

---

Mtoa uzi

Hoja yako naichukua kaka, ila kuna jambo halihitaji kodi kubwa, nalo ni Jumapili yao.

Kila Jumapili na sikukuu, saa 1 asubuhi mpaka saa 8 mchana, wanafunga barabara zaidi ya kilomita 120 wanaziacha kwa watu. Wanaita Ciclovía, ilianza 1974. Vizuizi vya plastiki, vijana wa kuongoza kwenye makutano, basi. Chukulia Morogoro Road, Bagamoyo Road, Nyerere na Mandela zote kwa pamoja hazina gari asubuhi nzima. Nilikodi baiskeli nikapanda Carrera 7 kuelekea kaskazini, baba kambeba mtoto begani, bibi anatembea na mbwa, wasichana wa skuta za miguu, wanaume wazima wamevaa jezi za timu za baiskeli wanapita kama upepo, na pembeni mafundi baiskeli wenye pampu, wauza maji ya machungwa, matunda yamekatwa kwenye vikombe. Kwenye bustani moja mwalimu yuko jukwaani na spika na watu mia kadhaa wanacheza mazoezi, wazee wengi kuliko vijana.

Yaani mwenye gari la kifahari na mwenye baiskeli ya kuazima wako barabara moja wanasalimiana. Nilishuka nikakaa ukingoni nikaangalia tu.

---

mlima_elfu

Hapa Kigali tunayo, Car Free Day, tangu 2016, sasa ni Jumapili mbili kwa mwezi. Watu wanapima na sukari na presha bure barabarani. Inawezekana kabisa.

---

Mtoa uzi

Umenisaidia sana ndugu, hiyo ndiyo jibu kwa wanaosema Afrika haiwezekani.

Chakula sasa maana inbox imejaa. Nendeni soko la Paloquemao asubuhi, teksi au basi ni karibu na katikati. Mbele kabisa maua, marundo ya mawaridi mpaka unakosa pa kupita. Ndani matunda, na hapo nilijisikia nyumbani kuliko sehemu yoyote: stafeli limelala pale wanaliita guanábana, pasheni, mapapai, mihogo, ndizi za kupika. Halafu yale nisiyoyajua, lulo ni kama nyanya ya rangi ya chungwa ina ukakasi mtamu wakisaga juisi, curuba ni pasheni ndefu kama tango dogo, uchuva inauzwa imevuliwa maganda yake ya karatasi. Wanaonjesha bila kukulazimisha kununua.

Kwenye meza za majani ya kupikia nikasimama. Mama anauza mafungu ya guascas, majani ya meno meno na viua vidogo, katikati njano na vipetali vitano vyeupe vifupi pembeni. Nikachukua moja nikafikicha nikanusa. Wakuu, mimi ni mtoto wa Mbeya, hilo gugu nimeling'oa kwenye maharage tangu nina miaka sita, tunalitupa kando ya shamba likauke! Kule ndio kiungo cha lazima cha ajiaco, supu ya mji huo: kuku, viazi aina tatu, kimoja cha njano kinayeyuka chote na kuifanya nzito, kipande cha hindi lenye bunzi lake, majani hayo, kisha mezani unaongeza krimu, parachichi na vile vichumvi vya kepa (vitumba vya maua vilivyohifadhiwa kwenye chumvi). Gugu lilitoka kwao likafika kwetu, halikuja na mapishi. Nimeshapika nyumbani kwa viazi vya Mbeya, harufu ni ile ile.

Chakula cha mchana cha kawaida, supu, wali, maharage, nyama na juisi, nilikilipia pesos 15,000 mpaka 18,000 kwenye vibanda vya wafanyakazi. Jioni ya baridi agiza chokoleti ya moto, watakuletea na kipande cha jibini, unakitumbukiza ndani kinalainika unakichota na kijiko. Usikatae kabla hujajaribu. Karibu na kanisa kuu kuna kimgahawa La Puerta Falsa kipo tangu 1816, nafasi finyu, foleni ndefu, ila tamali yao (unga wa mahindi na nyama vilivyopikwa ndani ya jani) inashibisha.

---

naivasha_waridi

Niaje. Mimi nafanya kazi kwa greenhouse za maua huku Naivasha, Colombia ndio tunasikia kila siku kama mshindani. Uliona mashamba?

---

Mtoa uzi

Niliyaona ndugu, ukitoka mji kwenda kaskazini kwenye ile nyanda ya juu ni nailoni nyeupe kilomita kwa kilomita. Wao ni wa pili duniani kwa kuuza maua nje baada ya Uholanzi, na mengi yanaenda Marekani kama yenu yanavyoenda Ulaya. Sababu ni ile ile mnayoijua, karibu na ikweta mwanga ni ule ule mwaka mzima, na juu kule baridi ya usiku inafanya waridi likue polepole na kichwa kiwe kikubwa. Nyumbani kwao shada la mawaridi dazeni mbili sokoni halifiki bei ya nyama ya mchana, kwa hiyo kila meza ina maua, hata ya fundi viatu.

---

kitulo_baridi

Dada swali la mwisho kutoka kwangu. Usalama kwa mwanamke mweusi aliye peke yake, sema ukweli.

---

Mtoa uzi

Ukweli ni kwamba niliheshimiwa. Watu wa Bogotá ni wapole, wana adabu ya maneno, muuza duka anakuita jirani. Wengi walidhani natoka Chocó au Buenaventura, pwani ya Pasifiki ambako Wacolombia weusi ni wengi, na nikisema Tanzania wanaita na wenzao waje wasikie. Makamu wa rais aliyeapishwa pamoja na Petro 2022, Francia Márquez, ni mwanamke mweusi na 2023 alifika mpaka Kenya. Dereva mmoja wa Cartagena aliweka champeta njia nzima, gitaa ni la Kikongo kabisa, kumbe miaka ya 70 mabaharia walipeleka santuri za Kongo na Afrika Magharibi pwani kule, vijana wakazipenda wakatengeneza muziki wao juu yake. Tulikuwa tunatingisha mabega wote wawili kwenye foleni.

Ila ubaguzi upo, dada wawili wa Cali waliokuwa hosteli walinieleza wanavyokosa nyumba za kupanga wakionekana sura, kwa hiyo mgeni asiseme haupo kwa sababu yeye kapokelewa vizuri.

Tahadhari zenyewe ni hizi. Simu usiitoe karibu na mlango wa basi wala dirisha la teksi. Hela toa kwenye mashine iliyo ndani ya duka kubwa. Kinywaji cha mtu usiyemjua usipokee na chako usikiache, kuna dawa inaitwa burundanga wanakutilia unapoteza kumbukumbu na kila kitu. Mtu akijitambulisha polisi barabarani anataka kukagua pochi yako, mwambie twende kituoni. Usibebe mzigo wa mtu, hata zawadi, hata kifurushi cha kahawa, na yale majani ya koka na peremende zake zinazouzwa wazi kwa watalii yaache kule kule maana huku ni kesi. Ukirudi kutoka Colombia begi lako litakaguliwa, weka risiti juu, jibu taratibu.

Na Monserrate, ule mlima wenye kanisa jeupe, mita 3,152, nenda siku ya tatu au ya nne mwili ukishazoea. Kuna treni ya kamba tangu 1929 na kebo tangu 1955. Njia ya mguu ni ngazi na ngazi, Jumanne imefungwa, na panda Jumapili alfajiri mahujaji wakiwa wengi, siku zenye watu wachache usipite peke yako. Nimeona mama anapanda kwa magoti kipande cha mwisho, kuna sanamu ya Yesu aliyeanguka ndani wanaiamini sana. Juu unaona mji wote hauna mwisho, matofali mekundu mpaka macho yanachoka.

---

stafeli_la_Tanga

Nikienda na nina siku moja tu ya kutoka nje ya mji, Zipaquirá kwenye kanisa la chumvi au Guatavita kwenye ziwa?

---

Mtoa uzi

Zipaquirá ni rahisi zaidi mama, kama kilomita 50, basi linatoka Portal del Norte kila mara, na wikiendi kuna treni ya kitalii. Kanisa liko mita 180 chini ya ardhi ndani ya mgodi wa chumvi, lililopo sasa lilifunguliwa 1995, kuna vituo 14 vya njia ya msalaba vimechongwa ukutani. Ila wewe uliyeuliza El Dorado nakushauri Guatavita, ndilo linalosemwa kuwa ziwa la ile sherehe ya chifu. Usafiri unahitaji kuunganisha, ni kupanda kilima kwa mguu zaidi ya mita 3,000 kwa hiyo nenda polepole, na wanakupeleka na kiongozi mwenyeji. Ziwa ni duara la kijani tulivu, na ukingoni utaona pengo kubwa limekatwa, hilo Mhispania mmoja alilichimbisha miaka ya 1580 ili maji yamwagike apate dhahabu. Udongo uliporomoka ukaua wafanyakazi wengi. Jumatatu wanafunga, toka Bogotá saa 1 asubuhi, beba maji na kofia, na mvua ikinyesha jana yake vaa buti.